Kahawa Isiyoonekana

"Mlalamikaji ni nani?"

Inspekta Burhani alikuwa ameshauliza swali hilo, na safari hii aliilaza kalamu mezani kabisa, maana alijiona atakuja kuivunja.

"Nimeshasema, Ndugu Inspekta. Kompyuta."

"Ina jina?"

"Ina namba."

"Inakaa wapi?"

"Dar es Salaam. Ina chumba chake. Lazima kiwe na baridi muda wote, la sivyo inaharibika."

"Imewahi kufika Izigo?"

Nathanieli alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemvumilia mwenzake. "Haiwezi kufika Izigo. Ni kubwa kuliko ofisi hii."

Lahaula! Burhani alikuwa mtu wa Tabora, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu akiwa mpelelezi hapa Bukoba. Alishahoji wezi wa ng'ombe, wachoma nyumba na mchungaji mmoja wa uongo. Wote hao walikuwa na heshima ya kuwa binadamu. Ukimkazia macho, mtu anatoka jasho. Sasa ameletewa jalada ambalo mshitaki wake ni sanduku la chuma lililopigwa kiyoyozi, halijui mgomba wala mbuni, na anatakiwa atie saini kabla ya meli ya Mwanza kuondoka kesho jioni.

Maana ndani ya meli hiyo alipangiwa nafasi mkulima mmoja wa Izigo, Protase Rwegasira. Amri ya wakubwa ilikuwa tayari: Protase akawekwe kizuizini mbali na mkoa, muda haukutajwa, na kibanja chake chenye kahawa na migomba kikabidhiwe kijiji. Kilichobaki ni Burhani kuandika kwamba upelelezi umefanyika.

"Nieleze tena," alisema. "Polepole, kama unamweleza mtoto."

Nathanieli alivua miwani, akaifuta. Alikuwa kijana wa Hamugembe, Mlutheri, aliyerudi kutoka masomo ng'ambo akapewa Ofisi ya Takwimu za Mazao, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Ukutani nyuma yake yalipangwa makasha ya kadi ngumu zenye vitobo. Kila kadi, mkulima mmoja.

"Tunahesabu mibuni ya mtu. Tunaandika umri wa miti, mvua, udongo. Kompyuta inasema mtu huyu alipaswa kuvuna kiasi gani. Tunatoa alichouza kwenye chama cha ushirika, tunatoa anachotumia nyumbani. Kinachobaki ni kahawa isiyoonekana. Ya Protase ndiyo nyingi kuliko ya wote katika tarafa."

"Na isiyoonekana maana yake imevushwa kwa magendo?"

"Mimi sikuandika magendo. Niliandika upungufu usioelezeka."

"Nani aliandika magendo?"

"Huko juu."

"Huko juu nani?"

Nathanieli alirudisha miwani usoni. "Inspekta, wewe mwenyewe ulimfunga pingu Rutashobya."

Hilo lilikuwa kweli, na Burhani hakupenda kukumbushwa. Msimu uliopita mashine hiyohiyo ilisema kahawa inapotea kwenye kituo kimoja cha kununulia. Burhani alikwenda, akafungua mzani, akakuta mpimaji wake, Rutashobya, ameuchezea kwa miaka, anawaibia wakulima mchana kweupe. Siku ile kina mama walipiga vigelegele mpaka barabarani. Hakuna mpelelezi ambaye angemnasa Rutashobya kwa macho matupu.

"Tafuna kidogo, utulie," Nathanieli alisema, akasukuma kopo la bati.

Ndani mlikuwa na akamwani, kahawa ya kutafuna ya Wahaya, ile inayochumwa ingali ya kijani, ikachemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa na maganda yake. Huku huingii nyumba ya mtu usipewe. Burhani alitupia punje mbili mdomoni. Zilikuwa na moshi kidogo, na nyuma ya moshi kulikuwa na mchaichai. Akamwani ya mchaichai hakuwahi kuionja.

"Nzuri hii," alisema kwa shingo upande, akainuka.

*

Mahabusu kulikuwa na joto. Protase alikaa sakafuni akiegemea ukuta, mwanamume mrefu mwenye mikono ya jembe. Alisimama Burhani alipoingia.

"Kahawa yako iko wapi?"

"Imekwisha, afande."

"Imekwishaje?"

"Kama vitu vingine vinavyokwisha."

"Protase, kesho jioni unapandishwa meli. Unajua hilo?"

"Najua."

"Umeiuza ng'ambo ya mpaka?"

"Sijauza ng'ambo hata punje."

"Basi iko wapi?"

Burhani aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akauliza tena akiwa amempa kisogo. Ilikuwa ni kupigia ukuta kelele. Halafu, alipokwisha kugonga mlango afunguliwe, Protase akasema bila kuulizwa:

"Mama yangu hajui lolote. Andika hivyo, tafadhali. Andika hilo kwanza."

Burhani aligeuka. Hakuna mtu aliyekuwa amemtaja mama.

*

Koplo Buberwa aliendesha Land Rover kwenda Izigo huku akiimba tenzi za Kilutheri chini kwa chini, jambo ambalo siku nyingine Burhani hulistahimili. Leo alimwambia anyamaze.

"Buberwa, wewe ni Mhaya. Mtu anaficha nini hata akubali kufungwa?"

"Mwanamke, afande."

"Magunia ya kahawa anampa mwanamke?"

Buberwa alifikiri. "Inategemea mwanamke."

Walianza kwa balozi wa nyumba kumi, Projestus, ambaye kibanja chake kilipakana na cha Protase. Mzee huyu alikuwa tayari amevaa koti, na maneno alikuwa ameyapanga.

"Niliwaona kwa macho yangu, jua likizama. Protase na mama yake, magunia mawili, wanashuka njia ya ziwani."

"Uliwafuata?"

"Nina miguu mibovu, waitu, bwana wangu."

"Kibanja kikichukuliwa, nani atakilima?"

"Kijiji. Sote. Ni ujamaa."

"Nani atasimamia?"

Projestus alikohoa. "Wamenitaja taja mimi."

Burhani akapata nguvu ghafla. Hapa sasa kuna mtu wa nyama na damu, mwenye tamaa, wa kushikwa ukosi! Akamwamuru aongoze njia, miguu mibovu na yote. Walishuka kati ya migomba, wakapita kisima, na Burhani alikuwa ameshamfunga mzee huyu kichwani mwake alipofika penye mti mkubwa na kuona njia inagawanyika. Tawi la kushoto liliteremka ziwani. Lilikuwa limemezwa na nyasi mpaka kiunoni, halikupitika msimu mzima. Tawi la kulia lilikuwa limekanyagwa vizuri, nalo lilikwenda moja kwa moja kwenye barabara kuu, mahali basi la Bukoba linaposimama.

"Sasa mbona ulisema ziwani?"

"Nilisema njia ya ziwani. Ndiyo hii. Tunaiita hivyo."

"Na hukuona walikokwenda?"

"Sikuulizwa walikokwenda. Niliulizwa kama niliona magunia."

Burhani aliketi kwenye jiwe, akavua kofia. Mzee hakusema uongo hata neno moja, na ndicho kilichomkera zaidi. Kila mtu katika kesi hii alisema ukweli, ukweli wa kipande chake tu, akaishia hapo.

"Buberwa, mtu wa magendo anapandisha magunia kwenye basi la abiria?"

"Labda mjinga, afande."

"Twende kwa mama."

Theopista, mama yake Protase, alikuwa mjane mnyoofu, mwenye rozari shingoni. Aliwakaribisha ndani, akawatandikia mkeka juu ya nyasi za sakafuni, akaenda chumbani, akarudi na kikapu kidogo cha ukindu. Akatwaa punje moja, akaitafuna yeye kwanza mbele yao, kama mwenyeji anavyotakiwa, kisha akampa Burhani kikapu kwa mikono miwili.

"Mama, nyumbani kwenu mnatumia kahawa?"

"Hapana, baba. Walikuja watu wa ofisi wakatuuliza, mnakunywa kahawa kiasi gani? Tukawaambia hatunywi. Huku nani anakunywa kahawa? Tunauza chamani."

Burhani alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna.

Moshi kidogo. Na nyuma ya moshi, mchaichai.

Alitoka nje bila kuomba ruhusa. Nyuma ya jiko palikuwa na mafiga makubwa mno kwa nyumba ya watu wawili, na juu yake chungu cheusi ambacho mtoto angeweza kuogea. Kando ya ua, badala ya maua, ulipandwa mchaichai mstari mzima. Burhani alisimama akitazama vitu hivyo, akajisikia kumpiga mtu kofi, ila hakujua nani.

"Mama Protase," alisema aliporudi. "Hii akamwani umepika wewe?"

Theopista alimtazama Buberwa, akamwambia kitu kwa Kihaya, haraka haraka. Buberwa akashika kichwa.

"Mama wee! Afande, huyu ndiye mpishi. Harusi, vipaimara, matanga, yote ya huku wanakuja kwake. Kahawa ya Protase ndiyo inayokwenda kwenye chungu. Lakini sheria ndogo ya halmashauri inakataza kuchuma kahawa ya kijani. Inaharibu mazao. Mwanawe alimkataza asiseme, wasije wakamkamata na yeye."

"Yaani Protase anakubali kizuizini kwa sababu ya sheria ndogo ya halmashauri?"

"Ni mama yake, afande."

"Na hayo magunia mawili?"

Hapo Theopista alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili, machozi yakimtoka. "Tulipeleka Hamugembe. Kokushubila ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Alikuwa anamwoza mwanawe. Wageni walikuwa wengi mno, baba, ningempelekea kikapu kimoja kweli?"

"Mwanawe nani?"

"Yule msomi. Nathanieli."

Buberwa aliangua kicheko. Burhani alimtazama mpaka kikakatika. Kisha aliomba afungiwe akamwani kidogo kwenye jani la mgomba, akaitia mfukoni.

Walipita Hamugembe kabla ya kufika ofisini, kwa sababu Burhani hakuwa tayari kudhihakiwa na kompyuta kwamba hakuthibitisha. Kokushubila aliwapokea kibarazani na fahari yake yote. Naam, magunia mawili, kahawa iliyokauka vizuri. Wageni walitafuna wakabeba na nyingine. Iliyobaki alimtilia mwanawe kwenye kopo, akatafune kazini.

*

Nathanieli alikuwa anapanga kadi. Burhani hakumsalimu. Alifungua jani la mgomba mezani, kando ya kopo.

"Tafuna hii."

"Inspekta..."

"Tafuna."

Nathanieli alitafuna. "Ni ileile yangu."

"Fikiri vizuri."

"Ni ya Mama Theopista. Alipika ya harusi yangu. Hakuna mwingine anayetia mchaichai."

"Mama Theopista mwanawe ni nani?"

Nathanieli alimtazama Burhani, akatazama kopo, akatazama ukuta wa kadi. "Sikujua kuwa ndiye Protase huyu," alisema. "Haki ya Mungu sikujua. Mimi naona namba. Majina yanatiwa huko juu."

"Nani alitunga lile swali? Mnakunywa kahawa kiasi gani?"

"Mimi."

"Wewe umezaliwa Hamugembe, umelelewa kwa akamwani. Unatafuna hapa kutwa nzima huku unanieleza kwamba kahawa haionekani! Imo mdomoni mwako, bwana! Hukuona?"

"Sikuihesabu kama kahawa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kahawa ni ile ya chama. Hii ni... hii ni ya mgeni tu. Mtu hawezi kuihesabu. Hata ningeihesabu, kadi haina tobo lake."

Burhani aliketi. Alitoa fomu ya maelezo, akaisukuma mbele yake. "Andika uliyoniambia. Utie saini."

Nathanieli hakuigusa. "Nitalirekebisha swali msimu ujao."

"Msimu ujao Protase atakuwa kizuizini na mibuni yake ina mwenyewe mwingine! Meli ni kesho."

"Nisikilize. Wako watu wengi wanaotaka kompyuta hii izimwe. Ndugu zake Rutashobya, wapimaji wenzake, wote. Nikiandika kwamba imekosea, wataizima, na wakulima watarudi kuibiwa kwenye mizani. Hao hao kina Theopista. Unataka hilo?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na Burhani alilichukia kwa sababu hiyo. Alikumbuka vigelegele vya barabarani. Alitamani angekuwa na mwizi wa ng'ombe mbele yake, apumzike.

"Haikukosea," alisema. "Iliuliza kahawa iko wapi. Swali zuri. Mimi nimekwenda nikatafuta, nimepata jibu. Waliokosea ni watu, waliochukua swali wakalifanya hukumu, halafu kila mmoja akanawa mikono. Wewe huku umeandika upungufu. Wao huko wameandika magendo. Projestus kaona magunia. Na mimi ndiye ninayetiwa kalamu mkononi nimpandishe mtu meli. Kwa hiyo sikiliza. Kwenye jalada hili kuna njia mbili tu."

Alilivuta kopo, akalifunika.

"Kama kahawa ya Protase iliyopotea ni ya magendo, basi nimeikamata. Hii hapa. Nimeikuta kwa Nathanieli wa Ofisi ya Takwimu, na magunia mawili yalipokelewa na mama yake mzazi. Mpokeaji wa magendo naye ana nafasi kwenye meli, nitaiomba leo leo. Kama si ya magendo, niambie ni nini."

"Ni ya harusi yangu!" Nathanieli alipiga kelele. "Umekuwa kichaa? Watu wote waliona! Ni akamwani ya wageni!"

"Vizuri. Andika hivyo hivyo. Kwa mkono wako, si kwa tobo."

Nathanieli alichukua kalamu. Aliandika taratibu, bila kuinua kichwa, akatia saini, akairudisha. Burhani alisoma kila mstari, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka makasha yakatikisika.

"Kadi ngapi zimejibiwa kwamba hawanywi kahawa?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Zote."

"Mkoa mzima?"

"Mkoa mzima." Nathanieli alikuwa ameshachukua karatasi nyingine. Aliandika mstari mmoja, akaukata, akaanza upya. "Kuna majina mengine yanakuja na ndege ya wiki hii. Nawaandikia wayasimamishe. Sijui kama watanisikiliza."

"Waandikie kwa herufi kubwa," Burhani alisema, akalitia kopo kwapani. "Hili linakwenda nami. Ni kielelezo."

*

Kumwachia Protase kulichukua mchana wote wa siku iliyofuata, kwa maana kila ofisi ilitaka kujua kama mashine imekubali. Burhani alijibu swali hilo kwenye milango kadhaa, kila mara sauti ikipanda, mpaka Buberwa akawa anamtangulia kuomba radhi. Hatimaye saini ilipatikana. Meli iliondoka na nafasi moja tupu.

Walimpeleka Protase Izigo kwa Land Rover. Theopista alikuwa amesimama uani. Hakupiga vigelegele. Alimshika mwanawe mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama muda mrefu, kisha akamwachia, akaingia ndani, akatoka na kile kikapu kidogo cha ukindu. Aliwaonyesha. Kilikuwa kitupu.

"Nimetupa yote chooni," alisema. "Jana, mlipoondoka. Nimevunja na chungu. Niliogopa wataikuta wamwongezee kosa. Leo mwanangu amerudi nyumbani, nina wageni, na sina cha kuwapa. Haijawahi kutokea nyumbani humu tangu niolewe." Akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku zote mwanawe alipokuwa ndani.

Nyuma ya jiko kweli palilala vigae vyeusi. Na ule mstari wa mchaichai ulikuwa umeng'olewa wote, mizizi juu.

Buberwa aliangalia viatu vyake. Burhani alijisikia hasira mpya ikimpanda, kubwa kuliko zote za siku zile, na hapakuwa na mtu pale wa kumtolea. Akarudi kwenye gari. Alipiga mlango, akapekua chini ya kiti, akatoa kopo la bati lenye karatasi ya kielelezo iliyobandikwa gundi na muhuri wa kituo juu yake.

"Afande," Buberwa alinong'ona. "Hilo ni la jalada. Wakikata rufaa huko juu watalitaka."

"Najua ni la nini."

Alichana karatasi, akafungua kifuniko, akamimina akamwani yote kwenye kikapu cha Theopista. Yule mama aliinusa. Aliijua. Akatwaa punje moja, akaitafuna yeye kwanza, kisha akampa mwanawe, halafu Buberwa, halafu Burhani, kwa mikono miwili.

Burhani alitafuna.

"Andika," alimwambia koplo. "Kielelezo kimerudishwa kwa mwenyewe."